Bunduki ya Kulungu

Mpendwa wifi Spéciose,

Huku ugenini Hallonbergen tu wazima, na Darlène wetu amepata kazi Farsta. Kaka yako amestaafu, na wenzake wa kiwandani wamemwalika kuwinda kulungu. Miaka yote hawakuwahi kumwita hata kunywa kahawa, basi ningemkataza vipi?

Mafunzo ya kuwinda yanaanza Septemba, ila jana alinivuta twende dukani kuangalia bunduki. Muuzaji alisema mzee anayeanza achukue nyepesi, isiyopiga bega kwa nguvu, akampa moja aishike. Akamuuliza kama amewahi kushika bunduki. Kaka yako akasema hapana, kama alivyoniambia mimi tangu tuoane. Lakini huku akisema, mikono yake ilikuwa imeshaifungua, na kidole kiko ndani kinahakikisha hakuna risasi. Wala hakuitazama.

Wewe ulikuwa naye miaka ile ya vita, mimi sikuwepo. Sijui nikuulize au ninyamaze. Yeye ameshapima mahali pa kabati la chuma la kuifungia. Litakaa chumbani, upande wangu wa kitanda, kwa kuwa upande wake kuna dirisha.

Wifi yako,
Libérate