Fomu za Chumba Namba Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Miguu imevimba. Ngazi za bweni hili zitanimaliza. Umri huu ni wa kukaa chini, si wa kuwa matroni wa wasichana mia mbili. Leo wameniongezea mwanafunzi kutoka nje ya nchi, chumba namba kumi na mbili. Kila Ijumaa nijaze fomu: hali yake, anavyozoea maisha ya hapa. Haya.

Asubuhi karani wa bweni kamuuliza habari. Basi binti wa watu akaeleza! Tumbo, usingizi, mdogo wake aliyemwacha analia. Dakika kumi mlangoni. Karani alicheka hadi machozi. Nikamvuta pembeni — mwanangu, ukiulizwa habari, sema nzuri. Akaandika kwenye daftari.

Ijumaa, 15 Machi
Binti ameshika somo. Habari? Nzuri, mama. Fomu: anaendelea vizuri. Sahihi. Nimelala na viatu.

Ijumaa, 5 Aprili
Fomu. Vizuri. Nimechoka.

Jumanne, 9 Aprili
Mhadhiri wake kapiga simu. Wiki tatu hajaonekana darasani!

Nimepanda mwenyewe. Pazia limefungwa, mkate umekauka mezani, binti amekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika. Nikamuuliza habari — mdomo umezoea — akajibu nzuri. Nikakaa kitandani kwake. Mbona hukuniambia? Akasema, mama, ulinifundisha. Hapa kila mtu ni mzima. Hata wewe unapanda ngazi umeshika ukuta, ukiulizwa, nzuri.

Nimeona haya. Nilimfundisha nusu tu. Unasema nzuri, unavuta pumzi, ndipo unasema "ila". Sisi hiyo "ila" hatukufundishwa na mtu, tumekua nayo. Yeye angeitoa wapi? Na mimi nilikuwa namuuliza habari kwenye korido, sigeuki hata kumtazama.

Alhamisi, 11 Aprili
Kamati inakaa kesho. Utoro wa wiki tatu ni kurudishwa kwao. Labda bweni lithibitishe kwamba alikuwa anaumwa. Bweni ni mimi, na fomu zangu tano zinasema mzima wa afya.

Mkuu wa mabweni kaniita, kwa upole wake ule. Eti nikikiri kwamba nilijaza bila kumwona, kazi sina. Nimebakiza miezi saba nistaafu. Akaniuliza, kwa nini nisiseme tu binti alinidanganya? Kweli, alisema nzuri. Nani atabisha?

Sijala.

Ijumaa, 12 Aprili
Saa nne asubuhi, benchi la nje ya kamati. Naandika nikingoja kuitwa. Binti yuko ubavuni kwangu, gauni kalipiga pasi. Kaninong'oneza: mama, waambie nilikuficha. Mimi nina pa kurudi, wewe je? Nikamwambia anyamaze. Sikuweza kumtazama.

Karani wa kamati ametoka. Wanamtaka matroni kwanza, aje na fomu zake.