Injini Mpya ya Gari la Shabbir

Alhamisi, 12 Juni 2025

Injini imefika. Imeletwa na lori la Kenta kutoka Dar, imeviringishwa mablanketi kama mgonjwa. Watu mia mbili wamekuja gerejini kwangu kuitazama. Haya, thelathini.

Gari ni Porsche ya Bwana Shabbir, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jekundu, milango miwili, limelala chini kama kobe. Masika alilipitisha kwenye maji, injini ikanywa, ikafa. Mafundi wa Dar wanasema mpaka mwezi wa nane. Mimi nikamwambia siku tisa. Maskati, miaka saba niliyokaa, nilikuwa nabadilisha injini ya gari kama hili kabla ya chai ya asubuhi, na tajiri mwenyewe ananishikia tochi.

Shabbir kafurahi. Kasema basi Jumamosi ya tarehe ishirini na moja Adila atapelekwa nalo kwa mumewe Mlingotini. Adila ni mtoto wa dada yangu Mwanamkasi. Amefanya kazi dukani kwa Shabbir miaka sita, na Shabbir anamhesabu kama mwanawe. Baba yake hayupo tena duniani. Mjomba ni mimi.

Watu walipoondoka nilikaa juu ya tairi nikaitazama ile injini.  

Jumamosi, 14 Juni

Tumeshusha ya zamani. Mikdad mchomeleaji kaleta winchi yake ya mnyororo. Gari hili injini iko nyuma, na haitoki kwa juu: unaishusha chini, kisha gari unalinyanyua kama unafunua sufuria. Nililijua hilo. Tangu jana, kwenye simu. Kuna Mrusi mmoja anaonyesha video. Simwelewi neno hata moja, lakini mikono yake naielewa.

Kila waya niliouchomoa nimeufunga uzi wa rangi yake, nyuzi za cherehani ya Zuhura, mke wangu. Mikdad kauliza kama Maskati nako wanafanya hivi. Nikamwambia kule wanatumia hariri.

Waya arobaini na tatu. Nimeota nyuzi.

Jumatatu, 16 Juni

Injini mpya imepanda, imekaa mahali pake. Mikdad alisema mashaallah. Mimi mwenyewe nilisema mashaallah.

Halafu ule mpira wa petroli. Mwisho wake una kichwa cha plastiki chenye vifungo viwili vidogo. Mrusi alivibonyeza kwa vidole. Mimi nikatia bisibisi. Tak! Kichwa kimekatika. Mikdad alikuwa nje anavuta sigara, hakuona. Nimekitia mfukoni.

Nimepiga simu Dar kwa muuza spea. Kichwa peke yake hakiuzwi, kasema, unaagizwa mpira mzima kutoka nje, wiki tatu ukiwa na bahati.

Shabbir kapita saa kumi, kauliza tumefika wapi. Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikwishafika kooni. Nikamwambia imebaki kupuliza vumbi tu.

Jumanne, 17 Juni

IMEWAKA!

Mlio wake – mbuzi wa jirani amekata kamba. Hilo ni kweli, muulize yeyote. Shabbir kanikumbatia na grisi yangu yote. Adila alikuja mbio kutoka dukani, kashika mdomo, machozi yanamlenga. Kasema, mjomba, sikuamini. Nikamwambia ungeniona Maskati.

Sasa niandike nilivyofanya. Asubuhi Zuhura alikwenda kwa Mwanamkasi kuchambua mchele wa harusi. Nikachomoa mpira wa jiko lake la gesi, ule wa rangi ya chungwa. Nimekata kipande cha shibiri moja, nikakiunga pale palipokatika, nikakaza klipu mbili kila upande. Petroli si ni mafuta? Gesi si inatoka kwenye mafuta? Basi.

Watu walipotawanyika nikapiga magoti nyuma ya gari. Tone moja. Nikahesabu mpaka hamsini. Tone jingine.

Nimekaza tena.

Jumatano, 18 Juni

Shabbir kalizungusha mpaka Mbegani na kurudi. Karudi anacheka. Halafu kanusa. Kasema, fundi, humu ndani kuna harufu ya petroli.

Sijui ulimi wangu unatoa wapi mambo. Nilimwambia injini mpya lazima inuke wiki moja, ni jasho lake. Maskati hawakabidhi gari lililobadilishwa injini mpaka lifukizwe udi. Chetezo ndani, vioo juu, safari ya kwanza. Harufu inakwisha na husuda inakwisha.

Shabbir hakucheka. Kasema marehemu mama yake alikuwa anafukiza hata mashine ya kukokotolea hesabu. Mwanamkasi alikuwa amesimama pale, kaleta ubwabwa. Kasikia yote. Kasema sawa kabisa, kaka, Jumamosi nitaweka chetezo miguuni mwa Adila mwenyewe, afike Mlingotini ananukia udi na gari linanukia udi.

Nikasema sawa kabisa.

Makaa ya moto. Ndani ya gari lile. Miguuni mwa Adila.

Alhamisi, 19 Juni

Kipande cha mpira kilichobaki nilikitumbukiza juzi kwenye kopo la petroli, nione. Leo nimekitoa. Kimevimba. Kimekuwa laini, ukikibonyeza alama ya kidole inabaki. Kimepasuka upande mmoja kama mdomo.

Ndugu yake yuko ndani ya gari, petroli inampitia kwa nguvu, na vyuma vya moto viko kando yake.

Zuhura anapikia mkaa tangu juzi. Nilimwambia jiko bovu, mpira nimeupeleka kutengenezwa.  Leo, anapepea mkaa, hanitazami:

"Baba Ashrafu, mpira wa jiko unatengenezwaje?"

Nikamwambia ni mambo ya kiufundi.

Sikula.

Ijumaa, 20 Juni

Baada ya sala watu wamenizunguka msikitini. Mzee mmoja kanishika mkono mbele ya wote, kasema Bagamoyo tuna fundi kumbe. Nilikuwa natoka kwenda kwa Shabbir kumwambia. Naapa nilikuwa natoka. Baada ya ule mkono miguu ikanipeleka nyumbani.

Nikajaribu kwa Mwanamkasi. Nikamwambia nimekumbuka vizuri, udi haufai kwenye gari jekundu, unaleta mkosi. Kanitazama. Kasema, kaka, juzi ni dawa, leo ni mkosi? Umeanza uzee? Wanawake wote waliokuwa wanakuna nazi wakacheka. Bilali, bwana harusi, alikuwa kaleta sanduku la nguo, naye kacheka kwa adabu.

Nikakaza klipu mara ya nne. Safari hii mpira umekatika kidogo chini ya klipu. Nikailegeza. Nikaufunga kitambaa.

Zuhura alikuja gerejini. Hajapata kuja gerejini tangu mwanetu Ashrafu yuko darasa la pili. Kasimama nyuma ya gari, kanusa, kaliangalia doa la chini.

"Lile gari ni zima?"

"Zima."

"Basi kesho na mimi nitapanda. Nitajibana kule nyuma kwa Adila."

Alikuwa ananitazama usoni. Ningeweza kusema panda. Ningeweza kusema usipande. Nilifuta spana. Nikaifuta tena.

Kaondoka.

Jumamosi, 21 Juni

Niko ndani ya gari. Saa kumi imepita. Liko mbele ya mlango wa Mwanamkasi, limepambwa maua na riboni. Asubuhi Shabbir kalileta mwenyewe. Nimemwomba ufunguo, nikasema nataka kulisikiliza. Nimeingia, nimefunga milango. Ufunguo nimeukalia. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa kanzu.

Matarumbeta yamefika, yako juu ya Kenta hapa ubavuni. Huwezi kusikia hata mawazo yako. Watu wamejaa nyuma ya gari wanapiga picha. Chini ya miguu yao kuna unyevu, nauona kwenye kioo cha pembeni.

Nimeshusha kioo kidogo nikamwambia Shabbir: usiwashe gari hili, petroli inavuja, mpira niliotia ni wa jiko la gesi. Kacheka mpaka kashika tumbo. Kawageukia wenzake, kawahadithia. Wote wamecheka. Mmoja kapaza sauti niwape na ya Maskati.

Nimesema tena. Wamecheka tena.

Adila ametoka. Shela, hina, viatu virefu. Somo yake aliyemfunda kamshika mkono. Mwanamkasi yuko nyuma yake, chetezo mkononi, moshi unapanda. Zuhura hayuko pamoja nao. Simwoni Zuhura.

Nikitoka, watamwingiza. Nisipotoka, nimekaa mimi juu ya petroli. Harufu imezidi. Jasho linadondoka kwenye karatasi.

Kwa mdomo hawaniamini. Nimechana ukurasa, nimeandika kwa herufi kubwa, nimeubandika kiooni kwa mate na kiganja:

MPIRA WA PETROLI NI WA JIKO LA ZUHURA. UNAVUJA. MSILETE MOTO. MASKATI NILIKUWA NAOSHA MAGARI TU. MIEZI MINANE.

Shabbir anacheka bado. Sasa anatafuta miwani. Kaivaa. Kainama. Midomo inatembea, anasoma polepole, kafika mstari wa pili.

Kaacha kucheka.

Mwanamkasi yuko nyuma yake na chetezo, anamsukuma kwa bega apishe njia –