Zamu ya Maji ya Moto

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapoa saa nne, ikarudi tena tukiwa katikati ya mto. Nimelowa chapachapa. Nimebadilisha nguo, nimekunywa chai, nimeketi kuandika.

Bon, haya, niseme kilichotokea.

Leo watawa wa nyumba ya watoto kule ng'ambo walituita sisi tuliolelewa pale. Barua yao ilisema wanataka kusikiliza vidonda vya zamani. Niliposoma nilicheka kwa hasira. Zaidi ya miaka thelathini tunapita mbele ya lango lile, hakuna aliyetuuliza hata tumeamkaje, leo ndiyo wamepata masikio! Nilikwenda kwa sababu Mado aliniomba. Mado nililala naye dortoir moja, chumba kile kirefu cha wasichana. Sasa anauza samaki wa moshi sokoni, na mpaka leo ananiita Yaya, dada mkubwa.

Masœur, mtawa anayeongoza nyumba ile sasa, ni kijana. Wakati ule huenda alikuwa bado hajazaliwa. Alisimama mbele yetu, karatasi mikononi, akamtaja Frère, bruda aliyekuwa mkurugenzi enzi zetu. Akasema aliwaharibu watoto, kwamba wakubwa wake walijua, na kwamba walimhamisha kimya kimya, akafa huko alikokwenda akiwa anaheshimiwa. Hakutafuta maneno laini. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa.

Kisha akasema, "Na ninyi, hakuna mwenye kosa hapa. Mulikuwa batoto."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kulia kwa sauti. Mado akanishika mkono, akaubana, nami nilitamani kuutoa.

Frère alikuwa na desturi. Kila Jumamosi jioni msichana mmoja alimpelekea ndoo ya maji ya moto ya kuoga, mpaka chumbani kwake, na mlango ulifungwa. Mwaka mzima msichana huyo nilikuwa mimi. Sitaandika zaidi ya hapo. Nilipofika miaka kumi na miwili alinifanya mkubwa wa dortoir, akanipa ufunguo wa kabati ya mablanketi, akaniambia kwamba tangu siku ile zamu ya maji nitaipanga mimi.

Nilifurahi. Mungu wangu, nilifurahi!

Nikapanga zamu kwa chuki zangu ndogo ndogo za kitoto. Aliyenicheka, alikwenda. Aliyenisengenya, alikwenda. Mado alikuwa na miaka minane. Siku moja alikula ndizi ya kuchoma niliyokuwa nimeificha ndani ya sanduku langu, basi nikampa zamu Jumamosi tatu mfululizo. Ile ya pili alinishika gauni analia, hataki kwenda. Nilimbandua vidole kimoja kimoja, nikamtia ndoo mkononi.

Na nilijua.

Ndiyo maana maneno ya masœur yaliniuma kuliko kama angenitukana. Wenzangu wote waliyastahili. Haya, najua, hata mimi nilikuwa mtoto, hata mimi nilifungiwa mlango ule, na mtu yeyote mwenye huruma atanieleza hivyo. Lakini mtoto yule alijua kuna nini nyuma ya mlango, na bado alipeleka wengine.

Baada ya hapo wakagawa fomu. Visanduku viwili: aliyeumizwa, na shahidi. Kila anayesimulia yake atafute mtu mmoja aliyeona, ili tume waliyoiunda kuchunguza mambo haya isipate pa kusema ni uzushi. Zirudishwe Jumatatu. Niligeuza karatasi nikatafuta kisanduku cha tatu upande wa nyuma, mjinga mimi. Mado hata hakuniuliza, aliandika jina langu kwenye nafasi ya shahidi ya fomu yake, akanipa niitie sahihi.

"Yaya, weye ulikuwa mukubwa wetu. Uliona yote."

Ningeweza kutia sahihi palepale. Nilimwona akipeleka maji. Ni kweli kabisa, na tume ingetosheka.

Halafu tukavuka kurudi. Mvua ilitukuta mtoni, tukajifunika turubai moja ndani ya mtumbwi, magoti yetu yamegusana. Mado akasema polepole, kana kwamba anauliza bei ya kitu: "Yaya, miye najiulizaka kila siku. Juu ya nini alichaguaka miye? Ilikuwa nini kwa sura yangu?"

Akanieleza kwamba ndiyo sababu anawanyoa binti zake mpaka leo, wale wawili wanaosoma shule ninayofundisha, wasije wakamvutia mtu. Nami miaka yote hii nilidhani ni chawa.

Nilichukua kopo nikajifanya natoa maji yaliyojaa mtumbwini. Mwoga mkubwa mimi! Jibu alilolitafuta maisha yake yote lilikuwa limeketi pembeni yake, chini ya turubai lilelile, linachota maji.

Naandika hapa kwanza, bila jina, kwa sababu Mado hasomi mambo ya mtandao, na kwa sababu vidole vyangu vina ujasiri kuliko mdomo. Tangu nirudi nahesabu visingizio. Nitamtonesha kidonda. Ataanza upya kulia. Atanichukia, na binti zake, wanaoniita tantine, shangazi, na kuacha madaftari yao hapa kwangu, hawatakanyaga tena mlango wangu. Hicho cha mwisho ndicho cha kweli. Hivyo vingine ni maneno tu.

Fomu iko mezani, imelowa pembeni. Sijaitia sahihi. Kesho baada ya misa nitakwenda kwake kwanza, na sitaanza na habari za tume wala za masœur. Nitamwambia, Mado, acha nywele za watoto ziote. Si Frère aliyekuchagua, na sura yako haikuwa na neno lolote. Nilikuchagua mimi, kwa sababu ya ndizi moja.