Kipande Changu cha Shamba

Makere, Jumanne

Nilipaswa kusema pale pale. Leo mama amenipimia kipande cha shamba kwa hatua zake, akachomeka vijiti kwenye kona. "Hiki chako, mwanangu. Shule umemaliza, sasa panda maharage. Mtu akishiba na watoto wake wako karibu, anataka nini tena?"

Nikajibu, "Asante, mama."

Sikumwambia kwamba nataka kwenda Kasulu kusomea uuguzi. Alikuwa anacheka, nikashindwa. Furaha yake inataka mimi niwe hapa. Na yangu je? Labda ni ubinafsi tu, au labda...

Kesho asubuhi tunapanda. Naogopa maharage yatastawi, mama atafurahi, na mimi nitazoea.