Nukta Kwenye Kioo cha Mita

Mpwa wangu Mwalimu,

Hujambo, na wanafunzi wako hawajambo? Goti la mama yako limetulia? Mimi niko imara kama bomba la chuma, sijakohoa tangu mwaka uanze.

Keti uisome vizuri barua hii, maana mjomba wako ameinusuru nchi nzima na moshi. Unajua ndimi ninayeendesha boila la mvuke la kiwanda cha sabuni. Januari alikuja mama mmoja wa serikali, mpimaji wa hewa ya ukaa, akafunga mita kwenye bomba la mafuta, akaniachia daftari niandike namba kila asubuhi. Alisema boila likila mafuta mengi linatema ukaa mwingi, na likizidi kipimo litafungwa. Tuko thelathini na wawili tunaolitegemea.

Nikasema hapa ndipo pangu. Mvuke ukivuja, mimi nausikia hata nikiwa kitandani kwangu. Nikaziba matundu kumi na moja, nikayavisha mabomba magunia hadi mafundi wakaniita fundi cherehani. Boila likawa linanong'ona kama bibi harusi.

Juzi mpimaji karudi, akafungua daftari. Akasema boila hili linakula mafuta ya viwanda kumi. Meneja akaagiza kufuli. Mimi, mwanangu, nikasimama mlangoni nikamwomba yule mama asiamini karatasi, apime mwenyewe kwa vyombo vyake kutwa nzima. Akapima. Mafuta yamepungua robo nzima. Viwanda vyote vya sabuni tumeviacha nyuma. Nilibebwa juu juu. Mita ikalaumiwa, ikafunguliwa, ikatiwa sandukuni.

Sasa nikwambie la moyoni. Mita haikukosa. Kwenye kioo palikuwa na kidoa kati ya namba, nikadhani kinyesi cha nzi. Kila asubuhi nakifuta kwa mate, hakitoki, basi nakiruka. Arobaini na moja nukta sita nikaandika mia nne na kumi na sita. Siku ya desimali shuleni, mama yako anajua nilikuwa wapi.

Jana nilishindwa kuvumilia mita isingiziwe, nikaenda kwa mpimaji nikamweleza. Alicheka hadi akakalia pipa. Mita imerudi, daftari bado langu, kwa sharti moja: nijifunze nukta.

Basi Jumamosi naja, niwekee chaki. Mama yako mwambie nimekuja kuliona goti, na umsalimie sana.

Hapa naweka nukta. Hii ya mwisho naijua tangu zamani.

Mjomba wako,
Simba wa Mvuke