Utomvu Kwenye Boneti, Shemeji Getini

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla sijamvunjia mtu heshima, maana yamenifika hapa kooni. Mimi ni fundi cherehani, ni mjane mwenye watoto, mume wangu amefariki mwaka huu, na gari letu tulilolinunua pamoja, ambalo yeye mwenyewe alinifundisha kuliendesha nikawa nasambazia sare za shule, limesimama chini ya msonobari uani tangu siku ya mazishi, kwa sababu shemeji yangu, kaka wa marehemu, alisimama mbele ya watu akasema lisisogezwe mpaka ukoo ukae kikao, nami kwa uchungu niliokuwa nao nikanyamaza, nikawa nabeba mabunda ya sare kichwani huku funguo ziko mkobani, na ule mti nao haukunionea huruma, umedondosha utomvu boneti nzima hadi kwenye kioo, umeganda, vumbi limenasa juu yake. Juzi shemeji akaja, akalizunguka gari mikono nyuma, akapitisha kidole, akasema, "Unaona, shemeji? Gari si cherehani. Mwanamke hawezi kutunza gari. Jumamosi tunakaa, na nitalichukua kabla halijaoza." Mama mkwe alikuwepo, akatazama chini tu. Walipoondoka nikachukua wembe wangu wa kufumulia nyuzi nikaanza kukwangua, tone la kwanza likatoka na rangi ya gari, nikabaki na mkwaruzo wa urefu wa kidole, nikakaa chini nikalia. Gari simpi. Hilo sikuulizi, nimeshaamua. Ninachouliza ni utomvu unatokaje, na mkwaruzo niufiche vipi asije akaufanya ushahidi, na je, Jumamosi nimpe chai au nimfungie geti?

Mjane Mwenye Funguo

Mwenye Funguo,

Pole kwa msiba, na pole nyingine kwa shemeji. Lakini wembe! Fundi mzima! Ungemkuta mtu anakwangua doa kwenye gauni la hariri la mteja wako kwa wembe, si ungemchapa na rula? Uweke chini. Petroli usiiguse, wala ule waya wa kusugulia masufuria.

Subiri boneti ipoe, uoshe vumbi lote. Kwenye mabaki yako ya vitambaa chagua pamba laini, isiyo na kifungo wala zipu. Loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, ilaze juu ya utomvu mpaka ulainike, kisha futa taratibu. Utakaogoma, uwekee kitambaa chenye spiriti ya kusafishia vidonda, usubiri kidogo, ufute bila kusugua. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, uone kama rangi inavumilia. Tone moja moja, haraka haraka haina baraka. Ukimaliza suuza, kausha, paka nta ya gari. Kwenye mkwaruzo pitisha ukucha: ukinasa, hiyo ni kazi ya fundi rangi, usiponasa, polishi itautoa. Kuuficha wa nini? Gari ni lako, likwaruze upendavyo.

Sasa shemeji. Nani aliamuru gari lisisogezwe? Yeye. Nani amekuja kulalamika kwamba limeharibika kwa kusimama? Yeye huyo huyo. Halafu wewe ndiye unayeona aibu! Hapo umenikasirisha, dada yangu. Siku ya mazishi ulikuwa na haki ya kunyamaza. Miezi yote hii ya kubeba mabunda kichwani, hapana.

Nenda kwa mama mkwe leo, kwa adabu zote, umwambie kwa mdomo wako: "Mama, gari tulinunua wawili, na ndilo linalolisha wajukuu zako." Aliyetazama chini anajua ukweli, mpe nafasi ya kuusema. Kisha muone mwanasheria kabla ya kikao, si baada ya kikao.

Jumamosi usifunge geti. Chai ichemshe, iache kwenye chupa, vikombe mezani. Lakini gari usiwaachie uani walizunguke kama mbuzi wa mnadani. Pakia sare zako asubuhi, shika usukani, kasambaze, na kikao kisubiri mpaka mteja wa mwisho apate mzigo wake. Shemeji akikupigia simu kuuliza gari liko wapi, mjibu kwa upole: liko kazini, na mwenyewe.