Mwanamke Aliyeazimisha Sauti

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na karakana haikuchoshi. Mimi mzima. Kazi ni ileile: mashuka ya hospitali yanaingia machafu, yanatoka meupe, kesho yanarudi.

Unauliza naendeleaje tangu mama afariki. Nakula, nalala. Uliponipigia simu ile nilikuwa nakunja foronya. Tulipomaliza kuongea nikaendelea kuzikunja. Mpaka leo niko kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno. Najigusa shavu, naona la mtu mwingine.

Nimeanza darasa la jioni maktaba, la bure: utangulizi wa fasihi za nchi mbalimbali. Usinicheke. Chumba kina joto na hakuna anayeniuliza habari za nyumbani. Tumeanza na Aislandi. Katika hadithi zao za kale mtu anauawa kwa sentensi moja, na sentensi inayofuata watu wanakata majani ya ng'ombe. Mwalimu anasema uchungu umo, ila haupigi kelele. Nimezipenda.

Binti yako

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lina kiburi kama mwenyewe. Karakana imejaa mafriji ya watu. Yote yananguruma, hakuna linalogandisha. Shangazi yako anashinda hapa, anapika na kunisema: "Kaka, mbona umekaa kama kabati?" Nami simjibu, kama kabati.

Hao wa Aislandi tungeelewana. Nguo za mama yako bado zimetundikwa nyuma ya mlango. Nazipita tu.

Lakini niambie, huko darasani hakuna nchi ambayo watu wake wanalia?

Ni mimi baba yako

12 Machi

Baba,

Shikamoo. Mwambie shangazi kitambaa alichonitumia kimefika, nashukuru.

Wapo wanaolia. Ayalandi zamani wanawake waliitwa msibani kuomboleza kwa mashairi waliyoyatunga palepale, wakimsifu marehemu, na ndugu wabaya wakisemwa humohumo. Uajemi mshairi analalamikia mapenzi ubeti baada ya ubeti, halafu mwishoni anajitaja jina, kama fundi anayetia sahihi. Japani ni mistari mitatu tu: mvua, jani, basi. Siku ya Ayalandi wenzangu walipangusa macho. Mimi nilikuwa natazama saa.

Sasa mwalimu anataka kila mtu asimulie kitu cha kwao. Nimekumbuka ile hadithi ya mama, ya mwanamke aliyemwazimisha jirani sauti yake kwa sababu jirani alikuwa na kesi. Jirani akashinda kesi, akahama na sauti ile. Mwanamke akaenda nyumba hadi nyumba kuitafuta, anabisha hodi kwa mkono tu, hawezi kusema amefuata nini. Nakumbuka mpaka mlango wa tatu. Ilikuwa inaishaje?

Binti yako

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe nimekawia. Sikuwa mgonjwa.

Nilimuuliza shangazi yako, hadithi hiyo hajawahi kuisikia. Nadhani mama yako aliitunga mwenyewe. Mimi nilikuwa naisikia kupitia ukutani. Ikifika mlango wa tatu sauti inapungua, kisha kimya. Mwanangu, haikuwa na mwisho. Mama yako alikuwa anasinzia. Kutwa nzima amesimama dukani akiwapimia watu vitambaa, unategemea nini? Nikija kuzima taa nawakuta mmelala wote wawili, yeye mdomo wazi.

Nilijaribu kukutungia mwisho. Nikaandika "akaipata", nikafuta. Nikaandika "hakuipata", kalamu ikagoma. Nikatoka nje bila viatu. Shangazi yako akadhani nimechanganyikiwa, akanifuata na kandambili.

Isimulie hivyohivyo.

Baba yako

21 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimeisimulia.

Nilipofika mlango wa tatu nikanyamaza. Mwalimu akasema, "Basi mmalizieni, kila mtu kwa namna ya nchi tuliyosoma." Dereva wa lori akachagua Aislandi: "Hakuipata. Mwaka ule majani yalistawi." Watu wakacheka. Muuza maua akachagua Japani: mvua, mlango, mkono umeinuliwa. Bibi mmoja mstaafu akachagua Ayalandi, akasema majirani walitoka wote wakamlilia kwa sauti zao.

Mwalimu akanigeukia. "Na kwenu inaishaje?"

Nikasema, "Kwetu msimuliaji anasinzia. Baba anakuja kuzima taa."

Sikulia, baba. Nilisimama tu mbele yao mpaka yule bibi akanisogezea kiti.

Kesho yake nikaomba likizo. Msimamizi akauliza, "Ya msiba?" Nikasema ndiyo. Akatazama karatasi: "Lakini msiba ulikuwa Januari." Nikasema ndiyo. Akagonga muhuri.

Nafika mwanzoni mwa mwezi ujao. Sijui nitajisikiaje nikifika mlangoni. Pengine nitakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni na kuuliza habari za mvua. Wewe nifungulie tu.

Mwanao